Kumbukumbu ya mradi: kuiingiza libpcap kwenye poll moja

Kazi iliyobaki katika programu yangu ya kufuatilia pakiti za mtandao ilikuwa kuifanya ingojee kila kitu mahali pamoja. Tayari poll, wito wa mfumo unaongojea vyanzo kadhaa kwa pamoja, ilikuwa ikisubiri kibodi na soketi ya kupokelea amri, ila unasaji wa pakiti uliendeshwa na pcap_loop ya libpcap (maktaba ya kunasia pakiti), ambayo ikishashika usukani haiuachii mpaka ikatizwe au idadi iliyoombwa itimie. Kuongeza uzi (thread) wa pili kwa jambo hili tu niliona ni gharama isiyo na sababu.

Libpcap ina fanksheni mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya. Kwa pcap_fileno unapata deskripta ya faili (namba ambayo mfumo huitumia kutambua faili au soketi iliyofunguliwa) ambayo pakiti zinasomwa kupitia kwake, lakini huahidiwi kwamba inafaa kukabidhiwa poll au mwenzake select. Ahadi hiyo inatolewa na pcap_get_selectable_fd, nayo pia hurudisha -1 iwapo kifaa hakina deskripta ya kungojewa. Kwa hiyo ya kwanza nimeiacha kabisa. Tangu toleo la 1.9.0 ipo vilevile pcap_get_required_select_timeout: ikirudisha kielekezi kisicho NULL, poll haina budi kuwekewa muda usiozidi uliotajwa, na muda ukiisha pakiti zisomwe hata kama deskripta iko kimya.

Kabla ya kuingia kwenye mzunguko naita pcap_setnonblock ili usomaji usikwame kungojea pakiti, kisha kila deskripta inapoamka naita pcap_dispatch kwa hesabu ya -1 ili imalize kilichomo kwenye bafa. Jibu la 0 nalichukulia kuwa la kawaida, kwa sababu kuamshwa si uthibitisho kwamba kuna pakiti ya kusoma.

Kilichonishughulisha zaidi ni ucheleweshaji. Kwenye Linux, TPACKET_V3 (njia ya kerneli ya kuipitishia programu pakiti) hukusanya pakiti katika mafungu, na kerneli haikabidhi fungu mpaka lijae au muda wake uishe. Mtandao ukiwa mtulivu, pakiti moja inaweza kukaa humo muda wote uliowekwa kwa pcap_set_timeout. Kwa kuwa programu yangu huonyesha kila pakiti ifikapo, nimewasha pcap_set_immediate_mode, inayokabidhi pakiti papo hapo, ambayo ni lazima iitwe kabla ya pcap_activate inayoanzisha unasaji. Anayeandika pakiti diskini kwa wingi angefanya vyema kuiacha, maana kuamshwa kwa kila pakiti kunakula kichakataji.

Windows bado. Kule pcap_get_selectable_fd haipo, bali pcap_getevent, inayotoa tukio (event) la Windows badala ya deskripta, na poll yangu haiwezi kuingojea.