Kitambaa cha mfukoni, miaka 7 ng'ambo
Jana jioni nimekaa nje ya Fort Jesus na kahawa yangu na kashata, nikakumbuka hii ngome Waingereza waliifanya jela toka 1895 mpaka 1958, akili ikaruka mpaka Australia. Yaani hawa watu, Marekani ilipojikomboa wakakosa pa kutupa wafungwa, basi wakapakia meli 11 pale Portsmouth, bandari ya kwao Uingereza, mwezi wa tano 1787, miezi minane baharini, wakatua Sydney Januari 1788! Wengine kosa lao kuiba kitambaa cha mfukoni tu, wallahi, na ukimaliza kifungo nauli ya kurudi ujitafutie mwenyewe. Mpaka 1868 walishapelekwa kama 160,000. Na wenyeji wa kule, wenye ardhi yao, hakuna aliyewapigia hodi.