Kuku ni Mboga

Wiki nzima mama ananijibu kwa mkato, na sababu ni jogoo.

Jumamosi iliyopita mjomba alipiga simu akiwa tayari yuko Kisesa: anakuja kutusalimia, atalala, kesho yake arudi Magu. Mama hakungoja hata simu ikatwe. "Mshike yule mwekundu kabla hujawafungulia." Nikamwambia, "Mama, huyo hapana. Mwingine yeyote." Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Na ninamwelewa. Mgeni akishaona jogoo mkubwa anatamba uani, halafu akawekewa pora mezani, umeshamwambia thamani yake bila kufungua mdomo. Tena mgeni mwenyewe ni kaka yake wa tumbo moja.

Nilichinja pora. Mama akampika kimya, akampakulia kaka yake firigisi na mapaja yote mawili. Mimi nikapata shingo.

Nilianza kufuga mwaka 2019, mitetea sita na jogoo mmoja, wote wa gulioni. Huku kwetu Igombe, Mwanza, nyumba zimebanwa kati ya mawe na ziwa, uwanja ni mdogo, lakini kuku wa kienyeji hana makuu: pumba, mashudu kidogo, chenga za dagaa kutoka mwaloni wanakoshusha samaki, na mvua zikianza anashiba kumbikumbi. (Dagaa nao kwa kiasi. Ukizidisha, hata yai linanuka ziwa.) Mwanzoni majogoo yangu yalifika kilo mbili na ushee. Mwaka wa tatu jogoo mkubwa kuliko wote bandani alikuwa na kilo moja na nusu, na mayai yalikuwa kama ya njiwa. Nimetia chumvi, ila si nyingi.

Nililaumu chakula. Nikalaumu minyoo, nikanunua dawa. Mpaka siku moja mama mmoja jirani, aliyefuga miaka mingi kuliko mimi, akaniuliza: "Ukibanwa na shida ya pesa, unakamata kuku gani?"

Mkubwa, nani mwingine? Mchuuzi wa tenga akipita na baiskeli yake anapima kwa mkono. Anamnyanyua kuku, anamtikisa kidogo, anamrudisha au anamchukua. Krismasi tunachinja mkubwa. Mgeni akija, mkubwa. Ada ya shule ikifika wanaondoka wakubwa watatu kwa mpigo. Sasa anayebaki kupanda mitetea ni nani? Ni yule aliyekataliwa na mchuuzi. Miaka mitatu nilikuwa nachagua mbegu kwa bidii kabisa, na nilichokuwa nachagua ni udogo.

Nikanunua daftari na mzani wa kuning'iniza, kama ule wanaopimia samaki mwaloni. Kila kifaranga akikua kidogo anafungwa kitambaa mguuni, cha rangi niliyompangia mama yake. Wiki ya 16 namtia kwenye mfuko na kumning'iniza. Pora mzito kuliko wote wa uzao wa kwanza alisoma gramu 1,150. Mwekundu, alipofika umri huo huo, alisoma 1,600. Sasa nieleze, mtu atamtiaje huyo kwenye sufuria?

Baba yake alikuwa jogoo wa aina ya Kuchi niliyemtoa upande wa Shinyanga: miguu mirefu, shingo imesimama, upanga mdogo uliolalia kichwa, mkia haba. Watafiti waliolinganisha vinasaba walimkuta Kuchi ana undugu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani, na ukimwona anavyotembea utakubali bila kwenda maabara. Ila ukubwa peke yake ulinidanganya. Koo wa Kuchi niliyemnunua pamoja naye alivunja mayai manne kwa uzito wake, na vifaranga wachache waliototolewa akawakanyaga.

Aliyeniokoa ni Chongo. Koo mweusi, jicho moja, kilo moja na robo akiwa ameshiba. Mara mbili nilitaka kumuuza, mara mbili mchuuzi akamrudisha. Mpe mayai 13, siku ya saba umulike kwa tochi ya simu utoe mabovu, kisha kaa mbali. Siku ya 21 anatoka na vifaranga 11 au 12. Na kenge akichomoza kwenye mawe, Chongo anamrukia usoni. Watu wa mbali wanaogopa mwewe. Huku adui ni kenge, anayepita kwenye ufa usiopitisha hata mkono na kumeza kiota kizima ukiwa umekwenda kuteka maji. Mwekundu ni mtoto wa Chongo. Siku hizi nikichagua pora, kabla ya mzani nasoma kwanza rangi ya kitambaa.

Mitetea nayo nilikuwa nauza ovyo. Jirani yule yule alinifundisha kuweka vidole kati ya mifupa ya nyonga: viwili au vitatu vikienea, anataga, kimoja kikipita kwa taabu, amesimama kutaga au hajaanza. Najuta nikikumbuka niliowauza wakiwa katikati ya kutaga, kwa kuwa tu siku hiyo walikuwa karibu na mlango.

Kosa jingine lilikuwa vidimu. Nawapenda, yale manyoya yaliyojikunja kama mtu aliyeamka vibaya. Nikamweka jogoo kidimu na mtetea kidimu nikitarajia uwanja mzima uwe wao. Ukiwapandisha hivyo, kwa wastani mmoja katika kila wanne hutoka na manyoya dhaifu yanayokatika, karibu uchi, na upepo wa ziwa wa usiku hauna huruma na kifaranga wa namna hiyo. Sasa kidimu wangu nampa mwenzi wa manyoya ya kawaida. Wateja wa vidimu, na wa weusi tii, ni watu wa peke yao. Wanakuja jioni, hawaulizi uzito, hawaombi kupunguziwa, na mimi siwaulizi wanakwenda kumfanyia nini.

Kuhusu ugonjwa wa mdondo sitasema mengi, bado inauma. Mwaka 2022 niliruka chanjo, nikazika kuku 19 kati ya 27 ndani ya siku chache. Waliobaki watu waliniambia ni mbegu ngumu, niwashike. Niliwashika, na tone la jichoni halijakosekana tena kila miezi mitatu. Ugumu wa mbegu sitaupima kwa namna hiyo mara ya pili.

Turudi kwa mjomba. Baada ya kula, akichokonoa meno, akaniuliza mbele ya mama kwa nini yule mwekundu amefichwa. Nikaleta daftari. Tukaenda bandani na tochi, akamshika Mwekundu, akampapasa kifua, akampima miguu kwa viganja. Akacheka. "Baba yetu alikuwa hachinji fahali wa zizi hata kwa arusi. Dada, unakumbuka?"

Mama akajibu toka jikoni: "Fahali ni fahali. Kuku ni mboga."

Na hapo sina jibu zuri sana, kwa sababu Mwekundu mwenyewe muda wake unakwisha. Binti zake wanakaribia kutaga na sitaki awapande. Nimeshakubaliana na jirani tubadilishane majogoo mwezi ujao. Nilipomwambia mama hilo, akaweka mwiko chini. "Kumbe anaondoka! Si angeliwa tu?"

Asubuhi mjomba akaniomba mapora mawili, ndugu wa Mwekundu kwa baba na mama, akaanzishe mbegu Magu. Nikachagua vizuri, kitambaa cha kijani wote wawili, nikawafunga miguu na kuwaweka kwenye kikapu. Nikamwandikia na tarehe ya chanjo kwenye karatasi.

Leo jioni amepiga. "Wabeja sana, mpwa wangu. Yule mmoja tumemla jana, tulipata wageni. Ana nyama huyo!"

Nikamuuliza habari za wa pili.

"Yupo, yupo. Ila Jumatano shemeji anakuja."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, mama amesikia kila kitu. Amecheka mpaka akafuta machozi kwa khanga, cheko la kwanza tangu Jumamosi. Nimechukua daftari nikapiga mstari kwenye kijani wa kwanza. Wa pili nimemwacha mpaka Jumatano.