Nairobi hadi New York ni Mombasa ngapi?

Mama alikuwa anajiandaa kwenda New York kuona wajukuu, na aliponiuliza ni mbali kiasi gani nilimjibu haraka haraka, kilomita kama 11,800 mama. Akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Hiyo ni Mombasa ngapi?" Kwake safari ndefu ni basi la Mombasa, kwa hivyo nikatoa simu nikapiga hesabu, Nairobi Mombasa kwa barabara ni kilomita 480 hivi, nikamwambia karibu Mombasa 25, na hapo ni kwenda tu. Akashika shavu. "Na watu wanakaa humo ndani ya ndege bila kushuka hata kujinyoosha?"

Ndio, hawashuki. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways ilipoanza kwenda moja kwa moja kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mpaka JFK, ule wa New York, kwa ndege aina ya Dreamliner, ni masaa 15 hivi kwenda na 14 kurudi. Mama akanibana hapo hapo, kama njia ni ile ile mbona kurudi ni kufupi? Nilipenda sana hilo swali. Ni upepo. Kule juu, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, sasa ndege ikienda Marekani upepo unaikabili usoni, ikirudi unaisukuma mgongoni, na injini ni zile zile na spidi ya ndege kwenye hewa ni ile ile, kama kilomita 900 kwa saa.

Tukachukua tufe la shule la mpwa wangu na uzi wa kushonea. Mama akashika ncha moja Nairobi kwa kidole gumba, mi nikavuta nyingine mpaka New York, na uzi haukupita Kongo na Nigeria vile ramani ya ukutani inavyokudanganya, ulipanda juu ukapita Sudan Kusini, Chad, Aljeria, Moroko, halafu bahari tupu. Nawaambia kila mtu afanye hivi na wazazi wake, manake ile hofu ilimpungua nikiiona kwa macho, alikuwa akitaja nchi moja moja kama vituo vya basi.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui, JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo ndege iliyobeba mafuta ya masaa 15 inahitaji kukimbia mbali kwenye ranwei kabla ya kunyanyuka. Nilimwambia mapema ili asishtuke akiona haipandi.

Akasafiri Januari, karibu saa sita usiku. Akatua huko saa moja asubuhi, yaani ukifuata saa za ukutani ni masaa 7 tu, kumbe huku kwetu ilikuwa saa tisa mchana na sijala, nimeshika simu tu.

Alipopiga hakuanza na baridi wala wajukuu. Alisema madirisha ya ile ndege hayana pazia, yana kibonyezo cha kuongeza na kupunguza mwanga, na yeye kila akiamka alikibonyeza aone kama kumekucha, na kila mara ni giza. Masaa yote 15, giza. Nikamweleza jua linatokea mashariki na wao walikuwa wanakimbilia magharibi, alfajiri iko nyuma yao inawafuata tu.

"Basi mwanangu," akasema, "mimi nimeswali usiku mmoja mrefu kuliko wote niliowahi kuuona."