Ninavyowaongezea kuku wa kienyeji chakula wakati wa kiangazi

Hapa Mwanza, kuanzia Juni hadi Septemba kuku anayejitafutia bado anarudi bandani jioni ameshiba, ila ameshiba mbegu kavu na makombo ya ugali. Mchwa na panzi wameadimika, majani yamekauka. Anachokosa ni protini, chokaa na mboga, na ndiyo maana kumwagia mahindi tu, kama tulivyozoea wengi, kunamnenepesha bila kurudisha mayai.

Mchanganyiko wangu wa kilo 10 ni huu: pumba za mahindi kilo 4 na nusu, mahindi ya kuparaza kilo 2 na nusu, mashudu ya alizeti kilo 1 na robo tatu, dagaa wa kusaga kilo 1, unga wa mifupa gramu 200 na chumvi gramu 30. Protini inafika asilimia 16 hivi. Dagaa wakiwa wametiwa chumvi, chumvi ya ziada naiacha kabisa. Sizidishi dagaa kupita kilo moja kwa kumi, kwani hapo mayai huanza kunuka samaki.

Dagaa ndio wanaoharibu hesabu. Wanaoanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga mwingi, nawe unaulipia kwa bei ya samaki. Pale Mwaloni Kirumba kabla ya kununua gunia naomba konzi moja, natia kwenye kopo la maji na kukoroga, kisha namimina taratibu na kutazama chini. Mchanga ukifunika kitako cha kopo, nahamia kwa muuzaji mwingine. Wa kwenye vichanja ni ghali kidogo lakini ni samaki kweli. Halafu navunja mmoja: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda ataota ukungu ndani ya gunia. Nanunua kabla mwezi haujawa mpevu, kwa sababu wavuvi wa taa hawapati kitu kwenye mbalamwezi na bei hupanda.

Mashudu ya pamba ni rahisi kupatikana huku kwetu, lakini kwa mitetea inayotaga siyatumii. Yana sumu iitwayo gosipoli, na kiini cha yai likikaa siku kadhaa hugeuka rangi ya kijani kibichi au kahawia. Mteja akivunja yai kama hilo harudi.

Kuku aliyekomaa nampa gramu 30 hadi 50 kwa siku, yaani kuku 20 hawazidi kilo moja. Natoa jioni tu, nusu saa kabla ya kufunga banda. Ukitoa asubuhi wanashinda mlangoni wakisubiri, hawaendi kutafuta. Kipimo changu ni mkono: nambonyeza kuku kwenye kifuko cha chakula chini ya shingo kabla ya kula. Kikiwa kimelegea, gramu 50; kikiwa kimejaa, 30 zinatosha. Kihori kiwe kirefu, sentimita 10 kwa kila kuku, la sivyo majogoo na mitetea wababe humaliza dagaa na wanyonge wanabaki na pumba.

Chokaa sichanganyi. Makombe na maganda ya mayai yaliyokaangwa na kupondwa nayaweka kwenye kopo lake. Anayetaga atadonoa anavyohitaji, na jogoo hana haja nayo.

Mboga ni fungu la mchicha au matembele, nalitundika usawa wa kichwa cha kuku lisikanyagwe. Zikikosekana natia majani ya mlonge yaliyosagwa, nusu kilo kwenye kilo 10, yakiwa yamekaushwa kivulini. Jua kali huua vitamini A, na upungufu wake utauona kwenye macho yaliyovimba na kutoa machozi mazito. Kiini kilichopauka ni dalili ya mapema kwamba mboga hazitoshi.

Maji ni lita 5 kwa kuku 20, zaidi joto likizidi. Kuku mwenye kiu hali.

Nachanganya cha wiki mbili tu. Mafuta ya dagaa huchacha, na mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu ambayo kukausha tena hakuiondoi, kwa hiyo yenye ukungu natupa. Gunia linakaa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Vifaranga wana kizimba chao chenye fito zilizoachana kiasi cha wao kupenya na mama kubaki nje. Humo nawaongezea dagaa waliochekechwa, maana mfupa mkubwa huwakaba.