Bobi Alivyorudi Kuwa Mweusi

Bobi ni mbwa mweusi. Januari ile ungemkuta langoni kwetu Nyamasaria, Kisumu, usingeamini. Mgongo ulikuwa umegeuka rangi ya kutu, mapaja yamekuwa kahawia, na manyoya yamekauka, kila moja limesimama upande wake. Ukimpapasa, vidole vinabaki na unga mweupe kama mba. Watoto waliacha kumkumbatia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana Bobi ni mbwa wa kukumbatiwa.

Nilimpata kwa kaka yangu alipohamia Eldoret. Alikuja na miaka 2, aking'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Alipotimiza mwaka mmoja na nusu kwangu, ndiyo hali hiyo. Nilidhani ni uchafu. Huku kwetu udongo ni ule mweusi wa tambarare za Kano, mvua ikinyesha unanata kama gundi, kwa hiyo kila Jumamosi nilimsugua kwa sabuni ya kipande, ileile ninayofulia sare za watoto. Alivyozidi kuoga ndivyo alivyozidi kujikuna. Usiku nilisikia mguu wake ukigonga mabati ya mlango mpaka saa nane.

Jirani mmoja akanishauri nimpake oili chafu ya gari. Nikainunua kweli, chupa nzima kutoka gereji. Ikakaa nyuma ya nyumba wiki mbili kwa sababu moyo ulikataa, na nashukuru ulikataa. Mbwa hujilamba. Oili hiyo humuunguza ngozi, kisha anaimeza na kujitia sumu. Wengine huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe wakaikoroga kwa kukisia. Hiyo nayo ikizidi makali inaweza kumwangusha mbwa siku hiyohiyo.

Mwezi wa pili chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilikuwa imefika mwaka, nikampeleka mjini kwa daktari wa mifugo. Sindano ilichukua dakika moja. Kilichobaki kilichukua karibu saa nzima.

Daktari alichukua kitambaa cheupe cha karatasi, akakitandika mezani, akachana manyoya ya Bobi pale juu ya mkia. Zikadondoka punje nyeusi ndogondogo, kama majani ya chai. Mimi nikasema, "Si ni vumbi tu, daktari?" Akanyunyizia maji kidogo, tukangoja. Zile punje zikaanza kuyeyuka na kuzungukwa na duara jekundu. Ilikuwa damu. Ni kinyesi cha viroboto, na viroboto hula damu. Nilikuwa nimemwosha mbwa huyu kila wiki, na bado viroboto walikuwa wakimnyonya chini ya mikono yangu.

Kisha akauliza, "Anakula nini, mama?"

"Ugali, daktari."

"Na nini?"

"Na mchuzi ukibaki."

Hakunigombeza. Alinionyesha ngozi ya tumbo, ilivyokuwa kavu na yenye magamba, akanieleza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: zaidi ya asilimia 90 ya unywele ni protini. Mwili ukipata protini kidogo, huanza kulisha moyo, maini na misuli, na manyoya yanangoja mwisho wa foleni. Hata ule weusi wenyewe hutengenezwa kutokana na protini, ndiyo maana mbwa mweusi asiyeshiba protini hugeuka rangi ya kutu. Jua huchangia, lakini kwa Bobi tatizo lilianzia sahanini. Ugali unampa nguvu ya kukimbia. Haumpi cha kujengea manyoya, wala yale mafuta yanayolainisha ngozi. Na mchuzi wetu una vitunguu, ambavyo ni sumu kwa mbwa, huharibu chembe za damu. Hilo lilinitia baridi. Mwaka mzima na nusu nilikuwa nikimpa mchuzi nikijua ninamfurahisha.

Tukatoka na dawa ya minyoo ya kurudiwa kila baada ya miezi 3, dawa ya viroboto iliyopimwa kwa uzito wake wa kilo 18, na shampuu ya mbwa. Sabuni ya kufulia nikaambiwa nisahau, inaondoa mafuta yote ya asili. Hata shampuu ya watu haimfai sana, kwa kuwa ngozi yetu ina asidi zaidi kuliko yake.

Chakula ndicho kilichonipa kazi, na ndicho nilichokuja kukipenda. Kisumu tuna bahati ya omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Nilikwenda soko la Kibuye, nikamkuta mama mmoja mwenye magunia mawili. Nilipotaja mbwa akanielekeza kwa lile la nyuma, omena zilizovunjika, zimechanganyika na mchanga, zina harufu ya mafuta yaliyochacha. "Za mbwa na kuku ni hizo, nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo. Nikaziinua puani nikazirudisha. Mafuta ya samaki yakishachacha hayana faida tena, na mafuta ndiyo niliyoyafuata. Nikamwomba nusu gorogoro, ule mkebe wa kupimia sokoni, ya zile za mbele, zilizokauka vizuri na bado zinang'aa kama fedha. Alinitazama sana, lakini alinipimia na kuniongezea konzi moja.

Hata hizo nzuri usizitie sufuriani hivyohivyo. Mimi huzimwagia maji ya moto kwenye beseni, nikazikoroga kwa mkono, nikazikamua na kuzihamishia kwenye maji mengine. Mara ya kwanza mchanga unalala chini ya beseni kama sakafu ya ufuoni Dunga. Narudia mpaka kidole hakihisi punje. Halafu nazichemsha dakika 20 bila chumvi, bila kitunguu, bila mchuzi wa mchemraba. Supu yake naichanganya na ugali, ambao sasa ni chini ya nusu ya sahani, na nahakikisha unga haujaota ukungu. Watu hudhani unga ulioharibika ni wa mbwa. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, huua maini ya mbwa kama ya mtu. Natia malenge au sukuma wiki iliyokatwa ndogo ikachemshwa. Mara mbili kwa wiki yai moja, lililochemshwa, kwa sababu ute mbichi huzuia mwili kutumia vitamini moja muhimu kwa ngozi. Maini kipande kidogo mara moja kwa wiki, si zaidi, vitamini A ikijaa mwilini nayo hudhuru.

Nilikosea mwanzoni. Kwa hamu yangu nilimjazia sahani ya omena siku ya kwanza, akaharisha siku mbili, nikalala macho nikimbadilishia maji. Nikarudi ugali na supu, nikaongeza omena kijiko kwa kijiko kwa muda wa wiki moja na zaidi. Tumbo likatulia.

Kuoga kukawa mara moja kwa mwezi, shampuu ikikaa dakika kadhaa na kusuuzwa mpaka maji yatoke safi kabisa. Matandiko yake, gunia na blanketi kuukuu, nikayafua kwa maji ya moto kila wiki, maana mayai ya viroboto hudondoka humo na si kwa mbwa peke yake. Na kila jioni, brashi. Kwanza kitana cha meno mapana kufungua mafundo nyuma ya masikio, kisha brashi ya nywele ngumu, kutoka shingoni kwenda mkiani, nikifuata manyoya yanavyolala. Dakika 10 tu. Brashi huondoa manyoya yaliyokufa na kusambaza mafuta ya ngozi yenyewe mpaka nchani. Pia ndipo ninapompata kupe kabla hajashiba. Bobi mwanzoni aliing'ata brashi. Baada ya siku chache akawa anakuja mwenyewe jua likitua, anageuza ubavu, anasubiri.

Usitarajie wiki moja. Ngozi ya mbwa huchukua takriban wiki 3 kujifanya upya, na manyoya huchukua zaidi. Kujikuna kuliisha ndani ya wiki mbili. Hiyo ilikuwa kazi ya dawa. Mba ulipungua mwishoni mwa Machi. Katikati ya Aprili nilikuwa nikimpiga brashi nikayatenga manyoya ya mgongoni kwa vidole viwili, nikaona kitu: ncha bado zilikuwa za kutu, lakini shinani, karibu na ngozi, kulikuwa na weusi mzito, laini, urefu wa punje ya mchele. Nikawaita watoto. Tulichuchumaa wote watatu pale uani tukipekua manyoya ya Bobi kama watu waliopoteza sindano.

Aprili hiyo pia uvuvi wa omena ulifungwa, kama kawaida hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane, na bei ikapanda nisiiweze. Nikaenda mtaa wa Obunga kwa kina mama wa mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta, yaani sangara, inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa. Wengi huiuza ikiwa imekaangwa. Nikaomba ambayo haijaingia mafutani wala chumvini. Nachemsha, kisha nachambua nyama kwa mkono mpaka mfupa ubaki mweupe, na mifupa naifukia. Mfupa uliopikwa hupasuka kama kibanzi na unaweza kumtoboa utumbo. Ni kazi ya nusu saa, mikono inanuka mpaka kesho yake, na Bobi anakaa mlangoni muda wote huo bila kupepesa jicho.

Manyoya ya kutu yaliendelea kung'oka taratibu, yakijaa kwenye brashi. Mwishoni mwa Julai nilitoa fungu la siku hiyo, nikalinyoosha juani kati ya vidole na kulitazama vizuri. Yote yalikuwa meusi mpaka nchani.