Maji pesa ngapi?

Ndivyo nilivyoulizwa, mimi niliyekata tiketi ya tamasha kwa zaidi ya yuro mia moja. Nimesimama zangu nyasini na fulana nyeusi ya AC/DC, ile bendi ya roki, begi mgongoni, mara mzee wa Kitaliano kanisogelea: maji pesa ngapi? Naye amevaa fulana kama yangu, noti ya yuro tano keshainyoosha. Usoni hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu akikutukana kwa kusudi utamjibu. Huyu alikuwa na kiu tu, akaona mweusi mwenye begi, akamaliza hesabu.

Ilikuwa tarehe 25 Mei 2024, uwanja wa Campovolo, Reggio Emilia, huku Italia, watu kama laki moja. Nimeyakumbuka leo kwa sababu kijana mmoja wa Maweni, kwetu Malindi, kaniandikia kwamba sisi huku tunastarehe tu, tumesahau nyumbani. Haya, nikueleze starehe.

Zile yuro mia na ushei zigeuze shilingi mwenyewe. Ni mbuzi, na chenji ya pilau. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha vigae Sassuolo, zamu ya usiku, karibu na tanuri, na tiketi ile niliilimbikizia miezi minne huku nikimwambia mama kwamba mwezi huu mambo si mazuri. Hela ya kila mwezi nilituma, ila ilikuwa imepunguapungua. Mama akisoma hapa, nisamehe.

Mapenzi ya bendi hii nimeyarithi kwa ami yangu. Enzi zake alikuwa akitandika vitanda kwenye hoteli moja upande wa Casuarina, Waitaliano wamejaa Malindi hadi muuza madafu anahesabu kwa Kitaliano. (Walianzia Ngomeni na roketi zao miaka ya sitini, watalii wakafuata nyuma.) Mgeni mmoja akaondoka, akamwachia kanda. Albamu ya AC/DC ya 1980, Back in Black, jalada jeusi lisilo na picha. Weusi ule ulikuwa wa msiba: mwimbaji wao, Bon Scott, alikufa Februari mwaka uleule. Ami hakuyajua hayo, alidhani kiwanda kimesahau kuweka picha.

Basi kanda ikapigwa barazani Shela ya Malindi, kwa redio ya betri, mpaka majirani wakachoka. Wazee wakitoka msikitini wanapita wakisema zima hayo mashetani. Mama yeye alimhurumia mwimbaji, "Wallahi huyo kakabwa." Na katikati ya wimbo wa pili palikuwa na mahali redio iliitafuna kanda. Gitaa linazama, linagugumia kama mtu aliyepaliwa, kisha linaibuka mbele huko. Hivyo ndivyo nilivyoujua wimbo ule tangu utotoni, na kile kigugumizi chake.

Turudi uwanjani. Mke wa yule mzee alimsikia, akamfinya mkono. Mzee akawa mwekundu kama pilipili, akaondoka bila neno. Baada ya nusu saa karudi na glasi mbili za bia. Nikamwambia mimi situmii. Akasimama hapo na glasi zake, hajui azipeleke wapi, akampa mkewe zote mbili, akarudi tena kwenye foleni, na foleni zenyewe ndizo zile. Akaja na chupa mbili za maji, moja yangu. Maji nimeyanywa. Neno lake mpaka leo halijashuka.

Kisha taa zikazimika, na uwanja mzima ukawa pembe nyekundu za plastiki zinazomulika vichwani mwa watu, mpaka kwenye vichwa vya akina bibi. Gitaa la kwanza sikulisikia kwa masikio, lilinipiga kifuani, kama wimbi la kusi linavyogonga mwamba pale chini ya mnara wa Vasco da Gama, ukisimama karibu unahisi jiwe linatetema miguuni. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Mtu mzima, baba wa watoto wawili.

Brian Johnson, mwimbaji aliyemrithi Bon Scott, alikuwa na miaka 76 na kofia yake ileile. Mwaka 2016 madaktari walimwambia aache majukwaa makubwa asije akawa kiziwi. Kwetu mtu wa umri huo anatafutiwa kiti na uji wa mtama. Angus Young, mpiga gitaa, miaka 69, kaptula ya sare ya shule, anarukaruka kwa mguu mmoja huku vidole havikosei. Lakini mimi nilimwangalia zaidi yule wa nyuma, asiyecheza wala kusogea mbele. Huyo ni Stevie. Alipokaa ndipo palipokuwa pa Malcolm, kaka yake Angus, aliyefariki 2017, na Stevie ni mtoto wa kaka yao. Yaani Angus ni ami yake. Nikajikuta nalia, na mke wa mzee akanipa karatasi ya kufutia.

Mara ukaja wimbo wetu. Nimeshausikia mzima kwenye simu mara elfu, ila mwili una ukaidi wake. Tulipokaribia pale mahali nikakunja mabega, nikasubiri redio itafune. Haikutafuna. Gitaa likapita wazi juu ya vichwa vya watu laki moja, nami nikabaki nimekunja mabega peke yangu.

Na nyinyi mnaouliza njia ya kuja: shamba msiuze mkampa wakala. Kitaliano cha ufuoni kinatosha kuuzia vinyago, hakitoshi kusoma mkataba wa nyumba. Na karatasi za ukaazi zikichelewa huenda ukakaa miezi hutoki nje ya nchi hii, hata akifa mtu. Mimi nilimkosa bibi hivyo. Haya, basi.

Mizinga wanayofyatulia wimbo wa mwisho ilipolia nikamrekodia ami sauti, lakini mtandao ulikuwa umezidiwa na watu, ikaondoka saa nane usiku tunatafuta gari. Asubuhi akapiga mwenyewe, swali la kwanza kama yule wa kaptula yu hai. Nikamweleza yote, hadi kisa cha maji. Akanyamaza. Nikajua kakasirika kwa ajili yangu, maana amewatumikia Waitaliano miaka thelathini.

"Noti alikuwa kashainyoosha?"

"Kashainyoosha, ami."

"Ya tano?"

"Ya tano."

"Na begini maji hukuwa nayo?"

"Chupa moja. Ya nusu lita."

"Sasa, mwanangu," akasema, "ulishindwa nini kumuuzia?"