Nilivyoacha kumtazama mtu machoni kwenye poka

Aliyenifundisha poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, aliniambia, "Mtazame mwenzio machoni, mwongo hajifichi." Ushauri huo ulinila kama laki moja na nusu ndani ya miezi mitatu. Mpaka leo nikisikia mgeni anapewa maneno hayohayo, damu inanichemka.

Tunacheza Ijumaa usiku sebuleni kwa rafiki yetu, Sinza, watu sita au saba, kila mmoja na 20,000 yake. Ni holdemu, poka ambayo kila mtu ana karata mbili za siri na tano za wote hufunuliwa mezani, tena isiyo na kikomo cha dau, yaani wakati wowote mtu anaweza kusukuma mzigo wake wote katikati. Ndiyo maana mkwara, yaani kuweka dau kubwa huku huna kitu, una nguvu kuliko kwenye arubastini tuliyokulia.

Usiku ulioniuma nilishika ree na mfalme. Zikafunuliwa tatu za mezani: mfalme, tisa, nne. Nikaweka 1,000, fundi simu mmoja mpole akafuata, yaani akaweka kiasi hichohicho. Ya nne ikaja tisa nyingine. Nikaweka 2,000, akafuata tena. Ya tano ilikuwa mbili. Nikapitisha bila kuweka dau, naye akasukuma zote, 16,000 na ushee, wakati katikati palikuwa na 7,000 hivi. Nikamkazia macho. Yake yanahamahama, vidole vinatetemeka mpaka chipu, vile vibao vya dau, zinagongana. Nikasema moyoni, huyu ana hofu, mkwara mtupu. Nikalipa. Akafunua jozi ya nne: fulu hausi, yaani nne tatu na tisa mbili, zinazoshinda jozi zangu.

Mkono ule ulitetemeka kwa sababu alikuwa ameshika mali. Tangu hapo nimeliona mara nyingi: anayetetemeka ghafla wakati wa kuweka dau kubwa, mara nyingi anazo. Lakini hata bila mkono, dau lenyewe lilishaniambia. Mtu mpole anafuata kimya mara mbili, kisha anasukuma zaidi ya mara mbili ya kilichopo mezani, halafu mimi nahesabu kope zake!

Nikaanza kuandika kwenye simu kila karata zinapofunuliwa mwishoni: nani, alishika nini, aliweka vipi. Hata mzunguko ambao sipo ndani yake nauandika, na huo ndio wenye faida zaidi kwa sababu akili imetulia. Jambo jingine, zile tatu zikifunuliwa mimi sizitazami. Hazikimbii. Nawatazama watu. Aliyezipenda hutupia jicho chipu zake mara moja, kisha anajifanya anatazama pembeni. Sekunde moja tu, imekwisha.

Kwa fundi simu niliandika hivi: akiwa nazo, anafuata polepole. Akiwa anasubiri rangi (karata tano za alama moja) ikamilike, anapandisha upesi palepale.

Baada ya kama miezi minne tukakutana tena. Mimi ree na malkia, mezani malkia, saba, tatu, mbili kati yake za kopa. Nikaweka dau, akapandisha kabla sijaondoa mkono. Nikafuata. Ya nne ikaja tano ya pau, akaweka tena, nikafuata. Ya tano mbili ya uru, kopa haikuja. Akasukuma zote, mkono umetulia kama jiwe. Jozi moja tu ya malkia ndiyo niliyokuwa nayo, na moyo ulikuwa unanidunda, lakini usoni kwake sikuangalia kabisa. Nikalipa.

Mfalme na kumi, zote kopa. Hana kitu.

"Kaka, umejuaje?" akaniuliza. Nikavuta chipu zangu, simu nikairudisha mfukoni.